Jina Lipo, Sauti Hakuna

Siku kompyuta ilipozima nilikuwa nimefungua folda kumi na moja. Saa ile sikujua kama ni kumi na moja. Nilikuja kuzihesabu baadaye kwenye daftari, nikijaribu kukumbuka. Ilikuwa mjini Koboko, kwenye chumba tunachoazimwa sisi vijana wa kituo, saa nane mchana, jua linachoma mabati. Laptopu yenyewe ni ya mtumba. Betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa waya tu kama mgonjwa wa dripu. Umeme ukikatika, nayo inakata roho palepale. Basi, umeme ukakatika.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu si ya ofisi kubwa. Ninasaidia vijana wa Lobule na wa mjini kujaza fomu za mafunzo, ushonaji, ufundi wa pikipiki, useremala. Ninaandika mahudhurio, ninapiga picha za mpira, ninaandika barua za kuomba hiki na kile. Kila kitu kina folda yake. Na kulikuwa na folda moja niliyoiita "Wazee". Humo nilikuwa naweka sauti za wazee wa Koboko wakisimulia miaka ile walipokuwa wao ndio wakimbizi. Dakika umeme unakatika, nilikuwa nahamisha rekodi kutoka kwenye kadi ya simu kwenda kwenye kompyuta. Ya kwanza ilikuwa ya Bibi mmoja, dakika 41. Nilikuwa nimechagua "kuhamisha", sikuchagua "kunakili", kwa sababu kadi ilikuwa imejaa na kesho yake kulikuwa na mechi.

Nataka kueleza nilivyorudisha vile vilivyorudi, maana huenda kitamsaidia mwenzangu. Halafu nataka kueleza kile ambacho hakikurudi, na kwa nini kimenifanya nisome historia ya hapa kwa jicho lingine.

Umeme uliporudi jioni, niliwasha kompyuta, ikafunguka safi kabisa. Skrini tupu. Hakuna hata dirisha moja la folda. Kumbe Windows ina mahali pa kuweka alama ili ikuletee tena folda zilizokuwa wazi. Unaenda kwenye mipangilio ya folda, sehemu ya mwonekano, kuna kisanduku kidogo cha kurudisha madirisha yaliyokuwa wazi unapoingia tena. Mimi nilikuwa nimekiweka alama siku nyingi, nikajiona mjanja. Lakini orodha ile ya madirisha huandikwa wakati unapoifunga kompyuta kwa utaratibu. Ikikata ghafla, haipati muda wa kuandika. Ni kama mwenye duka anayeandika madeni yake jioni tu, akishafunga mlango. Moto ukiingia saa saba mchana, deni la siku hiyo nzima halimo daftarini.

Lakini kuna daftari jingine, na hili huandikwa muda wote bila wewe kujua. Tangu Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, kompyuta imekuwa ikiweka alama ndogo kila unapofungua faili, ili ikukumbushe ulichoshika karibuni. Njia ya kuziona zote ni hii: bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, kinatokea kisanduku, andika neno recent, kisha Enter. Inafunguka folda yenye orodha ya mafaili na folda ulizogusa. Zipange kwa tarehe na saa. Mimi niliposhuka hadi saa nane ya siku ile, nikaiona kazi yangu yote imejipanga mstari kama watoto wa shule: fomu za ushonaji, barua ya viti, mahudhurio ya Mei, picha za fainali. Nikafungua moja baada ya nyingine. Kwa barua niliyokuwa naiandika, programu ya Word huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika kumi kama hujabadilisha mpangilio. Nilipoifungua tena ikaniuliza kama nataka nakala ile. Nilipoteza aya mbili tu.

Folda kumi zikarudi hivyo. Ya kumi na moja ilikuwa ya Wazee. Niliikuta mahali pake. Faili la Bibi nililiona, jina lake nililoliandika mwenyewe lipo, hata ukubwa wake umeandikwa. Nikashukuru Mungu. Nikalifunga, nikaenda zangu nyumbani. Sikulisikiliza.

Zilipita siku nne. Katikati ya siku hizo nilipiga picha za mechi, nyingi, na video tatu, zote kwenye kadi ileile ya simu. Siku ya tano ndipo nilipobonyeza rekodi ya Bibi ili nianze kuiandika kwenye karatasi. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Fundi mmoja wa Arua aliyeniangalizia akanambia faili lina ukubwa wake kamili lakini ndani ni sifuri tupu, sifuri baada ya sifuri, kama gunia lililojazwa hewa na kushonwa mdomo.

Nikamwuliza inawezekanaje jina lipo na sauti haipo. Akanieleza, na baadaye nilisoma zaidi mwenyewe.

Mfumo unaopanga mafaili kwenye kompyuta nyingi za Windows unaitwa NTFS. Ulikuja na Windows NT mwaka 1993. Kabla yake, umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika, ungeweza kukuta diski nzima imevurugika, hujui kipi kiko wapi. NTFS wakaiwekea daftari la siku. Kabla ya kubadilisha chochote kwenye orodha ya mafaili, mfumo unaandika kwanza kwenye daftari lile: "Nataka kufanya hivi." Ikikatika katikati, ikiwaka tena inasoma daftari na kumalizia au kufuta. Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mtaliano Luca Pacioli, katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, alieleza jinsi wafanyabiashara walivyotunza vitabu vitatu: cha kwanza cha kuandika mambo kadiri yanavyotokea, cha pili cha kuyapanga kwa siku, na cha tatu cha hesabu kamili. Kitabu kikubwa kikipotea, unaweza kukijenga upya kutoka kwenye vile vidogo.

Lakini daftari la NTFS linalinda orodha tu. Linalinda jina la faili, mahali pake, ukubwa wake. Yaliyomo ndani ya faili hayaandikwi humo. Sauti ya Bibi ilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, inasubiri kushuka kwenye diski, na jina lilikuwa limeshatangulia. Umeme ulipokatika, jina likabaki na sauti ikaenda. Kwenye kadi ya simu nako, kompyuta ilikuwa imeshafuta, ikidhani mzigo umefika.

Sasa niseme Bibi alikuwa nani. Jina lake nitalihifadhi, maana familia yake iko hapa. Ni mwenyeji, Mkakwa wa Koboko. Alinipokea kwenye mkeka chini ya mwembe, akanitazama, akasema kwa Kiswahili chake cha zamani, kile walichojifunza kwa waume zao askari: "Wewe ni mtoto wa wale wa Kongo? Keti. Kongo ilitupa chumvi." Mume wake alikuwa askari enzi za Idi Amin. Wote tunajua Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971 na akaangushwa Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yalipoingia Kampala. Ukoo wa baba yake ni wa hapa Koboko. Kwa hiyo serikali yake ilipoanguka, hasira ya waliomchukia iliangukia West Nile nzima, hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika bunduki wala kufika Kampala.

Mwaka 1979 wengine walivuka mapema. Lakini kimbilio kubwa lilikuwa baada ya Oktoba 1980. Mwezi huo waliokuwa askari wa Amin walirudi kutoka ng'ambo ya mpaka wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali lilipokuja kuwafukuza, lilipiga kila kitu. Vijiji vilichomwa, watu waliuawa, na karibu wilaya nzima ikatoka. Waliokuwa upande huu wa Koboko walipita Oraba wakaingia Sudan kwa njia ya Kaya, wengine wakaingia Zaire, ambayo ndiyo Kongo yetu. Tarehe 24 Juni 1981, pale misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, watu waliokuwa wamekimbilia uani kwa mapadri waliuawa na askari. Ukiwa Arua ukimwuliza mtu wa makamo habari ya Ombaci, ataacha kwanza anachofanya ndipo akujibu.

Wengi wetu tunaokaa kwenye makazi ya wakimbizi huku hatuelewi vizuri jambo hili. Tunafikiri wenyeji ni wenyeji tangu zamani na sisi ndio wageni. Kumbe mtu anayekuuzia mihogo sokoni alizaliwa kambini upande wa Yei. Mtafiti Barbara Harrell-Bond alikaa na Waganda hao kusini mwa Sudan mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaandika kitabu kilichotoka 1986 kikikosoa jinsi misaada ilivyokuwa ikigawiwa na watu kuhesabiwa bila wenyewe kuulizwa. Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili wengi wao wamefundishwa kwa maandishi yaliyoanzia hapo. Walioandikwa humo ni majirani zetu hawa hawa.

Walianza kurudi katikati ya miaka ya 1980, wengine kwa sababu vita vya Sudan navyo viliwafuata kambini. Mzee mmoja wa Koboko, yule wa kwanza niliyemrekodi, alicheka nilipomwuliza walirudi na karatasi gani. Akasema: "Kijana wangu, karatasi ni ya mtu aliyeaga. Sisi hatukuaga." Vyeti vya shule vilibaki kwenye nyumba zilizochomwa. Hati za ndoa, kadi za ubatizo, vitabu vya benki, hivyo hivyo. Alichobeba Bibi kilikuwa kopo la maziwa ya unga lenye tikiti za kodi za mume wake. Siku hizo, kabla kodi ya kichwa haijaondolewa mwaka 2005, tikiti ya kodi ndiyo ilikuwa kama kitambulisho cha mwanamume. Mume alikufa Sudan. Tikiti zilirudi.

Nikamwuliza Mzee, sasa bila karatasi mlijuaje shamba la nani linaishia wapi? Akanijibu kwamba walikaa chini wakaanza kutajiana. Huyu anasema, kaburi la babu yangu liko upande ule wa mti ule. Mwingine anasema, ndiyo, na mimi nilimzika mjomba wangu hatua ishirini kutoka hapo. Mti umekatwa lakini kisiki kipo. Nyasi ilikuwa imefunika kila kitu, urefu wa mtu. Walianza na makaburi, kutoka makaburini wakapata nyumba, kutoka nyumbani wakapata mashamba. Penye ugomvi waliita wazee watatu wa koo tofauti. Nilipomsikiliza sikujua kama ananifundisha kompyuta. Ni ile ile orodha ya recent: hukumbuki ulichokuwa unafanya, lakini kuna alama ndogo ulizoacha njiani, na unazifuata nyuma moja moja.

Huu ni upande wa watu. Upande wa serikali nao una habari yake. Mwaka 2015, kwenye shirika la utangazaji la taifa, UBC, Kampala, ilipatikana kabati iliyofungwa. Ndani mlikuwa na filamu za picha kama 70,000, nyingi za miaka ya Amin, zilizopigwa na wapiga picha wa wizara ya habari. Kwa miaka mingi watu walidhani zimepotea. Mwaka 2018 UBC pamoja na vyuo vikuu vya Michigan na Western Australia walianza kuzigeuza kuwa mafaili ya kompyuta, na Mei 2019 maonyesho yakafunguliwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda. Filamu zile zilikaa kwenye bahasha, na juu ya bahasha kuliandikwa tarehe na tukio. Bila maandishi yale, ungekuwa na sura za watu elfu na elfu usiojua ni nani, wamesimama wapi, mwaka gani. Fort Portal nako, Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kilichukua nyaraka za wilaya ya Kabarole zilizokuwa zimerundikwa, wakazisafisha, wakazipanga kwenye masanduku na kuanza kuzipiga picha. Vumbi lile lilikuwa na barua za wananchi wa kawaida, za ardhi, za shule, za malalamiko.

Basi kuna hasara za aina mbili, na mimi nimezikuta zote mbili ndani ya wiki moja.

Ya kwanza ni jina lipo, kilichomo hakipo. Ile ya faili la Bibi. Sisi wakimbizi wa Uganda tuliiona kwa ukubwa wake mwaka 2018. Kulikuwa na tuhuma kwamba hesabu ya wakimbizi imekuzwa. Mwezi Machi, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR walianza kuhakiki kila mtu, makazi kwa makazi, kwa alama za vidole na mboni za macho. Vitabu vilikuwa na zaidi ya watu milioni 1.4. Uhakiki ulipokwisha Oktoba, waliopatikana walikuwa karibu milioni 1.1. Nakumbuka foleni, nilikuwa bado shule. Mama alituamsha saa kumi usiku, akatuosha nyuso kana kwamba tunaenda kupigwa picha ya harusi. Alisema, "Mkichelewa mtabaki jina."

Ya pili ni kilichomo kipo, jina halipo. Hii niliijua kwa njia ya kadi ya simu.

Fundi yule wa Arua alinambia tujaribu kuchimba kadi. Unapofuta faili, kompyuta haifuti maneno au sauti. Inafuta mstari wake kwenye orodha na kusema nafasi hii sasa ni huru. Vitu vyenyewe vinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mmarekani Peter Norton alipata jina kwa jambo hilo mwaka 1982 alipotoa programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Siku hizi ipo moja ya bure inaitwa PhotoRec. Haiangalii orodha kabisa. Inapita juu ya kadi kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo wa picha, mwanzo wa sauti, mwanzo wa barua, na kila inachokipata inakitoa. Ila kwa kuwa haiangalii orodha, haijui majina. Ilitupa mafaili zaidi ya mia tatu, kila moja likiwa na namba tu. Picha za mtoto wa dada yangu, matangazo ya WhatsApp, nyimbo, nusu ya video. Ilibidi tusikilize sauti moja baada ya nyingine.

Tulikaa pale mpaka magari ya mwisho ya Koboko yakaondoka. Nililala Arua kwa rafiki. Asubuhi tukaendelea, na saa tatu nikasikia kuku. Nilimjua yule kuku. Alikuwa akitusumbua mkekani, na Bibi alikuwa akimfukuza akisema naye kama mtu. Kisha sauti yake: anataja jina lake, la baba yake, la babu yake, mahali alipozaliwa, mti uliokuwa mlangoni. Anaeleza siku walipotoka, kopo la tikiti, mvua. Dakika sita. Katikati ya neno ikakata, na kilichofuata kilikuwa kelele za mechi, watu wangu wenyewe wanashangilia bao. Video niliyoipiga mimi ilikuwa imekaa juu ya dakika 35 za Bibi.

Kama ningeacha kuitumia kadi ile siku ya kwanza, huenda ingetoka yote. Hili lishikeni, tafadhali. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, acha. Usipige picha, usirekodi, usipakue. Toa kadi, ifunge kwenye karatasi, mpelekee anayejua.

Mtasema, si ungerudi kwa Bibi umrekodi tena? Nilifikiri hivyo hivyo. Nilitoka Arua nikashuka Koboko mchana, nikaenda moja kwa moja. Nilikuta watu wamekaa uani, na wanawake wanapika kwenye sufuria kubwa. Alikuwa amezikwa siku mbili kabla. Nilikuwa nimechelewa kwa siku mbili, na siku nne nilikuwa nimezipoteza kwa kuamini jina la faili.

Kilichoniumiza zaidi ni kilichokuwa kwenye sehemu iliyopotea. Kuanzia dakika ya ishirini hivi, Bibi aliacha kusimulia akaanza kuhesabu. Alihesabu kwa vidole watu wa kijiji chake waliotoka naye na hawakurudi. Kwa kila mmoja alitaja jina, mtoto wa nani, na alipoachwa: huyu njiani, huyu hospitali ya Yei, huyu hatujui. Yalikuwa majina zaidi ya ishirini. Mimi nilikuwa nimeshika simu, nimetulia, nikijua yanaingia. Kwenye daftari langu niliandika saba tu ya kwanza, kisha nikaweka kalamu chini ili nisimkatishe. Nilimheshimu kwa namna iliyoharibu kazi.

Nilikwenda kwa mjukuu wake, msichana wa rika langu, nikamweleza ukweli wote. Sikutaka kujitetea. Aliniacha nimalize, akanyamaza, halafu akasema, "Bibi alikuwa anatuhesabia hao watu kila mwaka mpya. Sisi tulikuwa tunacheka." Akaanza kuyataja. Alifika tisa, akakwama. Akamwita shangazi yake kutoka jikoni. Shangazi akaongeza matatu na kumkosoa moja. Nikatoa daftari.

Kwenye kikundi chetu cha akiba Lobule tuna desturi, na wengi wenu mnayo. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Lakini kabla halijafungwa, katibu anatangaza kiasi kilichobaki ndani, na wanachama wote wanaambiwa wakikariri. Wiki ijayo, kabla ya kufungua, tunaulizwa: kilikuwa ngapi? Vikundi vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991, kati ya wanawake ambao wengi hawakujua kusoma, na kichwa cha kila mmoja kilikuwa nakala. Nilikuwa nimekaa kwenye kikundi hicho miaka mitatu, ninakariri salio kila wiki, na bado niliweka majina ya marehemu mahali pamoja tu.

Tangu hapo tumekutana mara nne chini ya mwembe ule. Mjukuu, shangazi, yule Mzee wa kwanza, na wengine wawili waliokuwa watoto mwaka 1980. Tunafanya kama walivyofanya walipotafuta mashamba. Tunaanza na majina ambayo kila mtu anakubali, kutoka hapo tunauliza alikuwa jirani ya nani, alisoma na nani, alitembea na nani siku ile. Tumefika majina kumi na tisa. Mawili yana ugomvi: Mzee anasema mmoja wao alirudi na akafia Arua miaka ya tisini, shangazi anasema huyo ni ndugu yake mwenye jina hilo hilo. Tumeandika yote mawili, na maneno ya kila mmoja pembeni.

Orodha iko sasa kwenye daftari langu, kwenye daftari la mjukuu, kwenye flashi moja iliyoko Arua, na kwenye kompyuta. Ile ya kompyuta nilinakili, sikuhamisha. Na nikishanakili nafungua, nasikiliza mwanzo, katikati na mwisho, ndipo naondoka. Dakika zile sita nimempa mjukuu kwenye simu yake. Alinambia shangazi huziomba jioni, na kila ikifika pale kuku anapofukuzwa, wote wanacheka.

Kama kuna msomaji, wa Koboko au aliyekaa upande wa Yei miaka ile, aliyetoka Oktoba 1980 kwa njia ya Oraba pamoja na mwanamke aliyebeba kopo la tikiti za kodi kwenye mvua, aje kituoni aniulizie. Tunatafuta mwenye kujua jina la ishirini.